KITUO KIPIMWE KWA ANAYENGOJA

Nangurukuru ni njia panda ya Kilwa. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara huachana na ile iendayo Kilwa Masoko. Mwananchi wa Kilwa Kisiwani au Songo Mnara anayekwenda Lindi huvuka maji kwanza, kisha hufika hapo kungoja basi litokalo mbali. Kwake yeye, hicho ndicho kituo kikuu.

Tangu Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua safari za reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Watanzania wameona kituo kilichopangwa kwa ajili ya abiria: ukumbi wa kungojea, vyoo, matangazo ya safari. Huku Kusini hatuna reli ya abiria. Ile ya wakoloni, iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini je, heshima ya msafiri hutokana na chombo anachopanda? Hasha.

Kosa la mipango mingi ya stendi ni kuanza na gari: yataegeshwa mabasi mangapi, ushuru utakusanywa kiasi gani. Sisi tunasema ianze na anayengoja. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Basi mama mwenye mtoto aweza kushushwa njia panda saa nane za usiku, asipate chombo cha kumvusha hadi kupambazuke. Bahari nayo hujaa na kupwa bila kutazama ratiba ya basi. Tena, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara hiyo wilayani Kilwa, wasafiri walikwama. Siku kama hizo kituo hugeuka makazi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, wanapopanga au kukarabati kituo chochote, wajiulize kwanza: Je, pana taa usiku kucha? Pana paa na viti vya kutosha? Pana maji safi, na choo kisichofungwa jua likizama? Pana mtu wa kutangaza kwamba basi limechelewa?

Na wananchi wa visiwani waulizwe kabla ramani haijatiwa saini. Nauli wanalipa kama wenzao. Haki yao isiwe kungoja gizani.