Mafunjo ya Mto Kanoni Si Adui wa Afya

Mto Kanoni hukatiza mji wa Bukoba na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kwa wakazi wa Hamugembe na kata jirani, rai ya kufyeka mafunjo ya mabondeni si ngeni: yasemwa kuwa ni maskani ya mbu na nyoka. Nia ni njema. Hoja ina kasoro.

Mbu waenezao malaria kwa wingi katika ukanda wetu hupendelea kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi na kupigwa jua: alama za kwato za ng'ombe, mashimo ya matofali, mifereji ya bustani. Bonde lililofyekwa huzidisha vidimbwi hivyo. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa vijiji vilivyopakana na mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi ya vile vilivyopakana na mafunjo ya asili, na joto hilo lilihusiana na wingi wa mbu wa malaria majumbani. Isitoshe, mafunjo huchuja tope, hupunguza kasi ya maji ya mvua, na huwahifadhi vyura na kerengende, ambao hula mbu.

Hata hivyo, tusifiche upande wa pili. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hustawi penye mimea ya majini na maji yaendayo polepole. Lakini konokono hazaliwi na vimelea hivyo. Huvipata kutokana na kinyesi au mkojo wa binadamu unaoingia majini. Kufyeka bonde zima huku vyoo vikimwaga mtoni ni kukata matawi na kuacha mzizi.

Kwa hiyo, tusafishe mimea pale tu watu wanapoteka maji na kuvuka, tufukie vidimbwi vya karibu na nyumba, tujenge vyoo bora mbali na mto, na tulale ndani ya vyandarua vyenye dawa.

Nanyi wahudumu wa afya, mgonjwa anapolalamikia maumivu ya tumbo yasiyokoma, choo chenye damu au mkojo wenye damu, muulizeni anaoga na kufua wapi. Kichocho hupimwa, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Autaje mto mwenyewe.