Kimbunga chenye jina na kisicho na jina

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Malori na mabasi yakakwama. Juni 3 mwaka huohuo, upepo mwingine ulipiga Tongaat, karibu na Durban, Afrika Kusini, ukaezua nyumba na kuua watu zaidi ya 10. Kwa Kiswahili cha kila siku, yote mawili tunayaita kimbunga. Kwa mwenye mzigo njiani, tofauti yake ni kubwa.

Uliopiga Tongaat ni tonado. Huzaliwa ndani ya wingu zito la radi, pale hewa ya joto yenye unyevu inapopanda kwa kasi kupita hewa baridi iliyo juu. Upepo wa chini na wa juu ukiwa na kasi na mwelekeo tofauti, hewa hujiviringisha. Ile inayopanda huusimamisha mviringo huo wima, na mkia wake ukifika ardhini uharibifu huanza. Mara nyingi hudumu chini ya dakika 10. Hata hivyo, Mei 22, 2011 tonado moja iliua watu zaidi ya 150 mjini Joplin, Marekani. Upande mmoja wa mtaa huweza kusagwa, upande wa pili ukabaki salama.

Hidaya ni wa ukoo mwingine. Vimbunga hivi huzaliwa juu ya bahari yenye joto, hutanda mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa. Machi 2019, Idai ilipiga Beira, Msumbiji. Bandari ilisimama, barabara ya kwenda Zimbabwe ikakatwa na mafuriko, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kilichoumiza biashara zaidi ni maji.

Ukanda wetu tonado ni nadra; hatari yetu kubwa ni hii ya pili, nayo hutoa nafasi ya kujipanga. Vimbunga vya baharini hupewa majina na kufuatiliwa siku kadhaa kabla ya kufika nchi kavu. Mzigo unaweza kuzuiwa ghalani au kupitishwa njia nyingine. Lakini tahadhari ikitolewa Dar es Salaam, dereva aliyeko mpakani Namanga au Tunduma naye anapaswa kuipata siku hiyohiyo. Nchi zinazogawana barabara zigawane na taarifa.

Kimbunga kikiwa na jina, una siku. Kisicho na jina, una dakika.