Njiti na Msimu wa Kupandikiza

"Mtoto mwenyewe hajui kunyonya. Mama yake anakaa hospitali kufanya nini?"

Maneno haya niliambiwa na mzee mwenzangu hapa Mabogini, msimu wa kupandikiza mpunga, mke wa mwanawe akiwa wodini wiki ya pili na mtoto wa kilo moja na nusu. Namjibu hapa kwa sababu wenye mawazo kama yake ni wengi, na baadhi yao, nasikitika kusema, niliwafundisha mimi.

Kunyonya ni kazi. Mtoto avute, ameze na apumue kwa mpangilio, na uwezo huo huanza kukomaa mimba ikiwa na wiki 32 hadi 34 hivi. Njiti aliyewahi kabla ya hapo si mvivu. Amefika darasani kabla ya somo lake. Basi mama hukamua maziwa, mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo, nayo hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni, baadaye kwa kikombe. Asipokamua, maziwa hupungua, na siku mtoto atakapojua kunyonya atakuta titi limekauka. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya huko hospitali. Tena maziwa ya mama wa njiti, katika majuma ya mwanzo, yana protini nyingi kuliko ya aliyejifungua kwa wakati, na ile dang'a ya njano imejaa kinga. Maji ya sukari ya akina bibi yana nini?

Kisha kuna kifua chake. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliobebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, tangu mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa kwa upungufu wa robo wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, mama wa njiti aongezewe likizo hadi zitimie wiki 40 za mimba. Vizuri sana. Lakini anayeinama kwenye majaruba yetu mwajiri wake ni nani? Ni mume, na baba mkwe. Sisi Wachaga hujisifu kwamba mzazi wetu hukaa ndani miezi mitatu akinyweshwa mtori. Mbona anayejifungua mapema, ambaye anauhitaji mtori huo kuliko wote, ndiye tunayemhesabia siku?

Mzee wangu nilimwuliza kibarua wa kupandikiza analipwa kiasi gani kwa siku. Akanitajia, akanyamaza. Juma lililofuata nilimkuta yeye mwenyewe ndani ya jaruba, suruali imekunjwa hadi magotini, anapandikiza vibaya mno.