Kinu cha nyuklia cha Kinshasa kimezimwa, hakijafungwa

Mkaaji wa Yanonge anayesikia kwamba Kongo ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuwa na kinu cha nyuklia ana haki ya kuuliza: kura yake ilienda wapi? Haikwenda popote, kwa sababu haikuwapo. TRICO 1, iliyowashwa mwezi wa 6 mwaka 1959 kwenye chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville, ilikuwa ya utafiti: kilowati 50 za joto tu, kwa kufundisha wanafunzi na kutengeneza dutu zenye miale za kutumiwa katika matibabu na kilimo.

Padri Mbelgiji Luc Gillon, mkuu wa chuo hicho, ndiye aliyeitafuta, nao Wamarekani wakakubali. Walikuwa wanaijua Kongo vizuri: urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. TRICO 1 ilisimamishwa mwaka 1970. Miaka miwili baadaye, chini ya Mobutu, ikaja TRICO 2 yenye megawati 1. Vipuri vikakosekana, pesa zikapungua, na tangu 2004 nayo imelala.

Hapo ndipo serikali inastahili lawama. Kuzima kinu si kukifunga. Kukifunga ni kuondoa fimbo za urani, kubomoa mitambo, kusafisha mahali na kuwaeleza watu yaliyofanyika. Kinshasa imebaki katikati: haiwashi, haifungi. Na hizo fimbo si kuni za kusahau nyuma ya nyumba. Mbili ziliibwa katika miaka ya 1970. Moja ikakamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijatangazwa kupatikana. Juu ya hayo, chuo kiko kwenye mlima ambao mvua inaendelea kuumega.

Wako wanaotaka TRICO 2 iwashwe tena. Si wazo baya, maana wagonjwa wa kansa wanahitaji dutu hizo na wataalamu waliokijua kinu wanazeeka. Lakini bila pesa zilizoandikwa katika bajeti, ni maneno. Tena asiwepo mwanasiasa wa kuteremka mto na kuwaambia watu wa Yanonge kwamba nyuklia itawaletea mwangaza, wakati Kisangani yenyewe, kilometa 60 tu kutoka kwao, inangojea mashine za bwawa la Tshopo, lililojengwa wakati wa ukoloni, na inapikia makala yanayotoka hukohuko Yanonge.

Wabunge wa Tshopo wanaweza kuanza na kazi ndogo: wamwite waziri wa utafiti wa kisayansi, aseme mbele ya wote fimbo zilizobaki ni ngapi, nani anazilinda usiku, na ni mwaka gani zitaondolewa.