Ua wa Mpangaji

Ubavuni mwa nyumba nyingi za Dar es Salaam huwapo kipande cha ardhi kisicho na kazi. Upana wake ni hatua tatu au nne. Wapita njia hukikatisha, makopo hutupwa humo, na mama wa nyumba hawezi kumwogesha mtoto wala kuanika nguo za ndani pasipo kutazamwa na mtaa mzima. Kwa jamaa wanaoishi katika chumba kimoja au viwili, kipande hicho kikisitiriwa ni sawa na chumba cha ziada.

Lakini ni ua gani umfaao mpangaji? Tafakari kabla ya kununua saruji, ndugu msomaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inahesabu majengo yaliyoshikamanishwa na ardhi kwa kudumu kuwa ni sehemu ya ardhi hiyo. Ukisimamisha ukuta, huenda siku ya kuhama ukaondoka na vyombo vyako tu, na jasho lako likabaki kwa mwenye nyumba. Heri ua unaofunguliwa, ukapakiwa mkokotenini na kusimamishwa uendako.

Makuti ya kumba, yale yaliyosukwa, yanafaa sana. Hustiri macho na hupitisha upepo. Bati hudumu zaidi, lakini huzuia upepo, hushika joto la jua na kingo zake huweza kumkata mtoto. Turubai nalo hujaa upepo kama tanga, likaangusha nguzo.

Tengeneza viunzi vya fito au mbao nyembamba, kila kimoja kimo cha mita 1.8 na upana wa mita 1.2, ili watu wawili waweze kukibeba bila taabu. Funga makuti kwa kamba, wala usiyapigilie misumari, ili yakichakaa uyabadilishe na kiunzi kibaki. Yaache juu ya ardhi kiasi cha sentimita 10, yasioze kwa maji ya mvua wala kuvamiwa na mchwa upesi.

Kwa nguzo, chukua madebe ya lita 20, usimamishe mti katikati ya kila moja na kulijaza zege. Debe moja hufikia uzito wa karibu kilo 48: zito la kutosha kushikilia kiunzi, lakini halijashikamana na ardhi. Mahali penye upepo mkali, ongeza mihimili ya kuegemeza.

Makuti huwaka upesi mno. Jiko la mkaa lisikae karibu nayo, wala ua usizibe njia ambayo watu wangeitumia kukimbia moto. Acha pia mlango penye mita ya maji na mfuniko wa shimo la choo, ili wahudumu wafike bila kuvunja kitu.

Mwisho, zungumza kwanza na mwenye nyumba na jirani wa upande huo, kisha mwandikiane kwamba ua ni mali yako na utauondoa utakapohama. Karatasi moja yenye sahihi za pande mbili yaweza kuzuia ugomvi wa siku ya kufunga mizigo. Sitara ya jamaa yako haina sababu ya kungoja mpaka uwe na nyumba yako mwenyewe.