AMANI YA MGENI NI DENI LA MWENYEJI



Miongoni mwa sura fupi ambazo watoto wetu huzihifadhi mwanzo wanapotiwa chuoni ni Sura ya Quraysh. Sura hiyo yawakumbusha watu wa Makka safari zao mbili za biashara, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, kisha yawaita wamwabudu Mola wa Nyumba ile, aliyewaondolea njaa na akawaondolea khofu. Neema mbili zimetajwa pamoja, chakula na amani, wala hazikuwekwa pamoja bure. Mji unaoishi kwa wapitao njia hauli illa wapitao njia wawe salama. Sisi watu wa pwani tulipata tafsiri ya maneno hayo kwa macho yetu katika mwaka 2011, na mwezi huu twapenda kuikumbusha tafsiri hiyo, khasa kwa vijana ambao wakati ule walikuwa wadogo.

Mwezi wa Septemba mwaka huo mume na mke Waingereza walifunga safari ya mapumziko kuja Kenya. Walianza kwa kutazama wanyama Maasai Mara, kisha wakaja pwani kupumzika, mahali pa wageni palipokuwa Kiwayu, kaskazini ya Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Walikuwa hawana wageni wenzao pale. Walilala katika banda la makuti lisilo na mlango wa kufunga kwa kufuli, kwa kuwa uzuri uliokuwa ukisifiwa wa mahali pale ulikuwa ndio huo, mtu alale asikie bahari. Usiku wa Septemba 11 waliingia watu wenye bunduki. Mume aliuawa pale pale. Mke aliburutwa mpaka ufukoni, akapakiwa katika mashua, akapelekwa Somalia. Hakujua kwamba mumewe amekufa mpaka alipokuja kusemezwa kwa simu na mwanawe akiwa kifungoni. Alikaa mikononi mwa watu wale muda wa miezi sita na zaidi, mpaka Machi 21, 2012, alipoachiwa baada ya jamaa zake kutoa fidia.

Msiba haukusimama hapo. Oktoba 1, 2011 mwanamke wa Kifaransa, mlemavu asiyeweza kutembea, alitekwa nyumbani kwake kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Huyo hakurudi, kabla ya mwezi ule kwisha ikatoka khabari kwamba amefia kifungoni. Serikali ya Uingereza na ya Ufaransa zikawaonya raia wao wasikaribie upande ule. Oktoba 16 majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Kisha katika Juni 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni, wakafa watu zaidi ya 60, na nyuma yake ikaja amri ya kutotoka nje usiku.

Basi natutazame hesabu ilimwangukia nani. Mahali pale Kiwayu palifungwa. Nahodha aliyekuwa akiwachukua wageni kwa jahazi alilifunga tanga lake. Mpishi alirudi kwao. Fundi wa kuchonga milango na makasha alikaa na kazi yake asione mnunuzi. Wavuvi, ambao hawakumteka mtu, walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na kila mvuvi ajua kwamba wako samaki ambao mchana hawashikiki. Wengi wa watu hao ni Waislamu, watoto wa Waislamu, katika mji wenye misikiti mingi na sifa ya elimu. Khofu ilipoingia kwa mlango mmoja, chakula kilitoka kwa mlango mwingine, kama ilivyofunzwa katika sura ile.

Lakini tukikomea katika hasara ya mfuko tutakuwa tumefundisha nusu, na nusu iliyo ndogo. Mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana mwenye akili, alituuliza siku moja kwa adabu: “Maalim, wale hawakuwa Waislamu, nao huja kwetu wakiwa nusu uchi, wakanywa ulevi mbele ya watoto wetu. Sisi damu yao yatuhusu nini?” Hatukumkemea. Swali hili liko katika vifua vya wengi wasiolisema, na lililofichwa ndilo baya kuliko lililosemwa. Yafaa lijibiwe kwa dalili.

Kwanza, Sura ya Tawba, ambayo ndiyo kali kuliko zote juu ya washirikina waliovunja mikataba, yaamrisha katika aya yake ya 6 kwamba mmoja wao akiomba ulinzi apewe, asikilizishwe neno la Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa salama. Hayo ni katika vita, na juu ya adui. Je, mtu asiyetupiga vita, aliyekuja na mkewe kutazama bahari na kununua mkeka, haki yake itakuwa ndogo kuliko ya adui huyo?

Pili, Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba ahadi ya Waislamu ni moja, aweza kuitoa hata aliye mdogo wao na wote wakafungika nayo. Tena ameonya kwamba mwenye kumuua mtu aliye katika ahadi hataisikia harufu ya Pepo. Wanazuoni wetu waliandika milango mizima juu ya jambo hili, wakaliita amani. Leo amani hiyo haiandikwi juu ya ngozi; hupigwa muhuri katika paspoti. Mgeni huomba ruhusa, hupewa, naye huingia akiitegemea. Muhuri ule ni neno letu sote, na alipaye ushuru na asiyelipa, aliye mjini na aliye kisiwani.

Tatu, mama zetu wasidhani kwamba hili ni jambo la wanaume na askari. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Bibi Umm Hani binti Abu Talib aliwapa ulinzi nyumbani mwake watu wa upande wa mumewe waliokuwa maadui. Ndugu yake, Sayyidna Ali, alitaka kuwaua. Bibi yule akawafungia mlango, akaenda mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwithibitishia ulinzi alioutoa. Mwanamke mmoja na mlango wa nyumba yake walizuia upanga wa shujaa mkubwa, na Sharia ikawa upande wake.

Ama hao waliofanya kitendo cha Kiwayu, hata hawakuwa na haja ya kusingizia dini. Walitaka fedha, wakazipata. Mtu anayetoka na silaha akawavizia watu salama, akaua, akachukua, Sharia yamjua kwa jina lake. Ni mkata njia, na hukumu yake nzito imetajwa katika aya ya 33 ya Sura ya Maida. Hakuna kanzu wala kilemba kinachoweza kulibadilisha jina hilo.

Limebakia lile la uchi na ulevi. Hatusemi kwamba si kitu. Mzee anayepita na wajukuu zake kwenda kusali asione ufuko wake umegeuka aibu, ana haki ya kuumia, na serikali na wenye mahoteli wana wajibu wa kumheshimu. Dawa yake yajulikana. Ni kumwambia mgeni kwa maneno mazuri, na wengi wao hawajui, wakiambiwa hujifunika. Ni kumtaka mwenye hoteli abandike maelezo mlangoni kwake. Ni kufikisha mashitaka kwa wakubwa wa mji. Lakini kukosa adabu kwa mgeni hakuondoi ulinzi wake. Jirani yako akipiga ngoma usiku waweza kumshitaki. Huwezi kusema kwamba kwa sababu ya ngoma yake mwizi ana ruhusa ya kuingia kwake.

Sasa twataka kutaja jambo ambalo watu hawapendi kulitaja. Baada ya tukio la Kiwayu alishikwa mtu wa Kiboni, maskini wa Mungu, mkata kuni, aliyewahi kufanya kazi mahali pale. Alisema kwamba alitishwa kwa bunduki awaonyeshe njia. Mwaka 2013 alihukumiwa kufa. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilimfutia hukumu ile, na mjane mwenyewe wa yule aliyeuawa alikuwa ameunga mkono rufaa yake. Lakini kabla ya hapo alikwisha kaa gerezani zaidi ya miaka 11. Mwanamke yule alifiwa na mume, akateswa yeye mwenyewe miezi sita, na bado hakukubali kwamba msiba wake ulipwe kwa mtu asiye na hatia. Sisi tulioamrishwa katika aya ya 8 ya Sura ya Maida kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu, tumesimama wapi katika miaka hiyo yote? Ni wangapi katika sisi waliouliza khabari za watoto wake?

Twalitaja hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba haki haina kabila wala dini; yule mgeni ana haki ya kutouawa, na yule mkata kuni ana haki ya kutofungwa kwa dhana. Mwenye kutetea moja akaisahau ya pili ameshika mzani kwa upande mmoja. Ya pili ni kwamba dhulma hii ndiyo inayowafunga watu midomo. Mvuvi huona mashua ngeni usiku, akanyamaza, kwa kuogopa kwamba atakayepeleka khabari ndiye atakayelala ndani. Kunyamaza huko kwafahamika, lakini hakufai. Asiende peke yake. Amwendee imamu au mzee wa mtaa, waende watu watatu au wanne, waseme walichokiona kwa macho, wasizidishe na wasipunguze, wala wasimtaje mtu kwa kumdhania. Na wakubwa wa serikali nao wajue kwamba kila asiye na hatia wanayemfunga, wamewafunga pamoja naye mashahidi mia.

Isidhaniwe kwamba tunayoyasema ni mambo ya kitabuni tu. Juni 26, 2015, siku ya Ijumaa ndani ya Ramadhani, mtu mmoja alishika bunduki katika ufuko wa Sousse, nchini Tunisia, akaua wageni 38, na 30 katika hao walikuwa Waingereza. Wafanyakazi wa hoteli ya jirani, Waislamu, walisimama bega kwa bega wakiwa wamefunga, wakafanya ukuta wa miili yao baina ya muuaji na wageni. Na Desemba 21 ya mwaka huo huo, huku kwetu Kenya, katika njia ya kwenda Mandera, basi lilipotekwa na abiria wakaambiwa Waislamu wajitenge na Wakristo, walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika kukataa huko, akafa mwezi uliofuata. Watu hawa walifahamu maana ya amani kabla ya kuulizwa swali lake katika mtihani.

Basi kwa muhtasari twawausia watu wa nyumba zetu mambo manne.

Wazazi, chungeni ndimi zenu mbele ya watoto. Mtoto asikie kwenu kwamba mali ya asiye Muislamu ni halali, kisha akija mtu kumwahidi fedha kwa kueleza tu nani kalala chumba gani, atamkuta amekwisha tengenezwa.

Vijana mnaofanya kazi katika mahoteli, mashua na magari, jueni kwamba siri ya mgeni ni amana. Saa anayotoka, mlango anaolala, na fedha alizonazo, hayo si mazungumzo ya barazani. Mtume (S.A.W.) alihesabu khiana ya amana katika alama za mnafiki.

Walimu wenzetu, mlango wa amani usiachwe kwa kuwa mfupi katika vitabu tunavyosomesha. Kijana asiyeupata kwetu ataupata kinyume chake kwa mwingine, tena kwa sauti tamu.

Na mwisho, sisi nasi ni wageni wa watu. Siku hizi maharusi wetu huenda Istanbul na Dubai, na wengine mbali zaidi. Mwenye kusafiri na mkewe asione haya kuuliza khabari za usalama wa anapokwenda, na uzuri wa picha usimsahaulishe umbali wa askari na tabibu. Aache nyumbani anuani yake na siku ya kurejea, alipe madeni yake, aandike wasia, kwani Mtume (S.A.W.) hakupenda Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Na akifika ugenini ashike sheria za wenyeji na kuwastahi, kama atakavyo sisi tustahiwe. Kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturudishie pwani yetu amani iliyo kamili, awape subira waliofiwa, na awafidie kwa kheri waliofungwa kwa dhulma. Na mgeni atakayefika kesho, kwa jahazi au kwa ndege, atukute tumesimama mlangoni kwa ajili yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.