Tusijifiche Nyuma ya Watoto Waliofichwa

Riwaya zinazosimulia jinsi watoto wa Kiyahudi walivyofichwa wakati wa Hitler zinatugusa sana, na wahubiri tunapenda kuzitumia. Mojawapo ni Number the Stars ya Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1989. Annemarie, msichana wa miaka 10 mjini Copenhagen, anashuhudia wazazi wake wakimficha rafiki yake Myahudi, Ellen. Askari wa Kijerumani wanapoingia usiku, wanaambiwa kuwa Ellen ni binti wa nyumba ile.

Sina ugomvi na mwandishi. Nina ugomvi na sisi wasomaji. Tunapofunga kitabu, kila mmoja wetu amekwisha kujiweka ndani ya nyumba iliyoficha. Hakuna anayejiona kuwa jirani aliyefunga mlango, wala mchungaji aliyenyamaza. Na kwa kuwa Denmark ni nchi ya Kilutheri, tunajipongeza: hao ni watu wetu.

Kweli, ni wetu. Jumapili ya tarehe 3 Oktoba 1943, barua ya maaskofu wa Denmark ilisomwa makanisani. Ilisema kwamba Wayahudi wanapoteswa, ni wajibu wa Kanisa kupinga, na kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mwezi ule Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa kwa mashua hadi Uswidi.

Lakini Martin Sasse naye ni wetu. Alikuwa askofu wa Thuringia, nchini Ujerumani. Masinagogi yalipochomwa moto usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, alitoa kijitabu akifurahia kwamba yamewaka siku ya kuzaliwa kwa Luther. Hakuhitaji kubuni hoja. Luther mwenyewe, mwaka 1543, aliandika kitabu akiwashauri watawala wachome masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi na kuwanyang'anya vitabu vyao vya sala. Katika vita ile waliuawa watoto wa Kiyahudi wapatao milioni 1.5.

Askofu wa Copenhagen na askofu wa Thuringia walikuwa na Katekisimo Ndogo ile ile. Katika amri ya nane wote walifundishwa kumtetea jirani na kumsema kwa wema. Basi jina la Kilutheri peke yake halikumwokoa mtoto yeyote. Zilikuwapo sababu nyingine pia: Uswidi ilikuwa karibu, na watu wa Denmark waliwahesabu Wayahudi kuwa raia wenzao. Hata hivyo, muumini aliyesikia barua ile alijua Kanisa lake limesimama wapi. Muumini wa Thuringia naye alijua.

Atakuwapo atakayeuliza: mambo ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu wengi wetu tuliipokea Injili kwa mikono ya wamisionari wa Kijerumani, na jina la Luther liko kwenye vibao vya makanisa yetu. Yanatuhusu zaidi kila Ijumaa Kuu, mhubiri anapotangaza kwamba "Wayahudi walimwua Yesu", kana kwamba Pilato hakuwapo, kana kwamba Mariamu na mitume hawakuwa Wayahudi, kana kwamba dhambi zetu hazikuhusika. Mtoto aliyeketi benchi la mbele anaondoka akiamini kwamba liko taifa lililolaaniwa. Kule Ulaya sentensi hiyo ilihubiriwa kwa karne nyingi kabla askari hawajaanza kubisha hodi.

Wachungaji wenzangu, tuendelee kuwapa vijana wetu riwaya hizi. Ila tukiwapa, tuwaeleze na ya mwaka 1543, bila kumfunika Luther. Kisha tuwaulize swali moja: askari yule aliyekuwa akimtafuta Ellen, je, alibatizwa katika kanisa gani, na nani alimfundisha kipaimara?